Ada ya Piano: Utoto wa Freddie Mercury, Mzaliwa wa Unguja

Kurasa za historia katika kitabu chetu cha harambee zimezoea kubeba mambo ya kwetu: manowari ya Kijerumani Königsberg iliyomaliziwa deltani Julai 1915, Vita vya Maji Maji, mafuriko ya mto na mpunga wa bondeni. Mwaka huu nimeomba nafasi niandike juu ya mtu asiye wa kwetu, mwanamuziki wa roki aliyepata jina Uingereza. Naomba mnivumilie. Sababu ipo, na ni ya kimahesabu, maana kazi yangu ni hesabu.

Mtakumbuka kwamba katika mkutano mkuu uliopita rasimu ya bajeti ilikuwa na kifungu kidogo cha vyombo vya muziki na posho ya mwalimu wa kufundisha watoto wetu siku za Jumamosi. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisimama akauliza kama tumepungukiwa na akili: madawati hayatoshi, choo cha wasichana hakijaisha, na sisi tunataka kununua vinanda? Ukumbi ulicheka, kifungu kikaahirishwa. Mzee alikuwa na haki ya kuuliza, na swali lake linastahili jibu lenye uzito kuliko kelele tulizomjibu nazo siku ile. Jibu langu mimi ni habari ya mtoto mmoja wa keshia.

Mtoto huyo alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Mabaharia wa pwani huuita wakati ule wa mwaka demani au dimani, kusi inapokuwa imelegea na bahari imetulia, kwa hiyo ukitaka unaweza kusema alizaliwa dimani. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu ya Unguja, mtumishi wa serikali ya Kiingereza iliyokuwa imeiweka Zanzibar chini ya himaya yake tangu 1890. Mama yake aliitwa Jer. Wote wawili walikuwa Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta ambao mababu zao waliondoka Uajemi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita wakahamia Gujarat, India. Jina la ukoo wao linatokana na mji wa Bulsar, ambao leo unaitwa Valsad. Waparsi wa Unguja hawakuwa wengi, lakini walikuwa na hekalu lao la moto pale mjini, na watoto wao walilelewa katika mila hiyo. Mwaka 1952 alizaliwa dada yake, Kashmira.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu hata katika kisa cha mbali kama hiki sisi tumo. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zilibebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba vingi vya mji ule ni virefu na vyembamba. Delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki, ilikuwa moja ya sehemu kuu zilikokatwa boriti hizo. Majahazi yalizipakia deltani yakazishusha Unguja, na mengine yakaendelea nazo hadi Uarabuni na Ghuba. Babu zetu waliokata na kubeba boriti hawakuingia katika kitabu chochote cha muziki, lakini dari walizozibeba zilisikia mengi.

Na mji ule ulikuwa na mengi ya kusikika. Taarabu ilikuwa na kikundi chake kikongwe cha Akhwan Safaa tangu 1905. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyeingia mjini kuuza vyungu akawa sauti ya kwanza ya Kiswahili kuvuma katika sahani za santuri, alifariki mwaka 1950, mtoto wa keshia akiwa na miaka minne hivi. Kulikuwa na adhana alfajiri, kengele za kanisa la Minara Miwili na la Mkunazini, ngoma za Ng'ambo, na sinema zilizoleta filamu za Kihindi na nyimbo zake. Nyumbani kwa Bulsara santuri zilipigwa, za Kihindi na za Kizungu. Mama yake alisimulia baadaye kwamba mtoto alipenda kuimba tangu akiwa mdogo sana, na kwamba sahani hazikumchosha.

Akiwa na miaka minane wazazi wakampeleka shule ya bweni India. Wazazi wetu wa leo wanaopeleka watoto bweni Morogoro au Kilimanjaro wajaribu kuipima safari ile: mtoto wa miaka minane, melini, siku nyingi baharini hadi Bombay, kisha kupanda milima hadi Panchgani, mji mdogo wenye baridi. Shule iliitwa St. Peter's, na iliendeshwa kwa mtindo wa shule za Kiingereza. Wazazi walibaki Unguja. Likizo nyingi alizimalizia Bombay kwa bibi yake na jamaa wengine. Walioishi naye bwenini walimkumbuka kama mtoto mwenye haya, mwembamba, meno ya mbele yametokeza, na watoto hawana huruma na meno. Ni kule shuleni ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie, maana Farrokh liliwashinda walimu na wanafunzi.

Mimi nina mtoto wa umri huo. Siwezi kusema kwamba ningempeleka.

Sasa tufike kwenye kiini cha makala hii. Mkuu wa shule aliona kwamba mtoto ana kitu katika muziki. Akawaandikia wazazi barua Unguja: mtoto huyu anafaa kufundishwa piano rasmi, lakini masomo hayo yana ada yake, juu kidogo ya ada ya kawaida. Wazazi wakakubali. Hakuna aliyesikia vigelegele siku hiyo. Barua ilikwenda, barua ikarudi, na katika hesabu ya familia ya keshia ukaongezeka mstari mmoja.

Mtu wa hesabu akisoma habari hii haoni bahati, anaona uamuzi. Bomi Bulsara alikuwa mtu wa kuhesabu fedha za watu wengine kutwa nzima. Alijua mshahara wake unaanzia wapi na unaishia wapi. Tayari alikuwa analipa ada ya bweni ng'ambo ya bahari, nauli ya meli, na ana mtoto wa pili nyumbani. Hakuna aliyemwahidi kwamba piano itamrudishia hata senti moja, na yeye mwenyewe hakuwa akiutazamia muziki kama kazi. Familia nyingi za Waparsi za wakati ule zilitamani mwanasheria au mtu wa hesabu, na hata baadaye, kijana alipokuwa mkubwa, wazazi walihangaika sana na njia aliyoichagua. Walilipa tu kwa sababu mtoto alionekana anaweza, na mwalimu alikuwepo.

Akasoma piano hadi akafaulu daraja la nne, vitendo na nadharia. Akaingia kwaya ya shule. Akacheza katika michezo ya kuigiza. Msije mkadhani alikuwa mtoto wa muziki peke yake: alipiga ndondi, alikuwa hodari wa mpira wa meza, na mwaka 1958, akiwa na miaka kumi na miwili hivi, alipata kikombe cha mwanafunzi mdogo mwenye vipaji vingi. Mwaka huo pia yeye na wenzake wanne waliunda bendi yao ya shule wakaiita The Hectics. Walipiga nyimbo zilizokuwa zinavuma redioni, za Elvis Presley, Little Richard, Fats Domino na Cliff Richard. Aliyekuwa mbele kwenye maikrofoni alikuwa mwenzake Bruce Murray. Freddie alikaa nyuma kwenye piano. Wenzake walisimulia kwamba alikuwa akisikia wimbo redioni mara moja, anakwenda kwenye piano na kuupiga.

Tazameni mchanganyiko uliokuwa kichwani mwa kijana huyo kabla hajafika miaka kumi na minane. Alikuwa na piano ya mtindo wa Kizungu, yenye nadharia na mitihani. Alikuwa na kwaya, yaani kujua jinsi sauti tatu nne zinavyokaa pamoja bila kugongana. Rokenroli ya Wamarekani weusi, ambayo mizizi yake yenyewe ilitoka bara hili, aliipata redioni. Nyimbo za filamu za Kihindi, ambazo haziogopi kubadilika ghafla kutoka kilio hadi shangwe ndani ya dakika tatu, zilikuwa za nyumbani kwao kwa asili. Jukwaa la maigizo lilimfundisha kwamba mtu mwenye haya anaweza kuvaa mtu mwingine na haya zikaisha. Na nyuma ya yote alikuwa na mji wa bandari ambamo dini nne tano zilipishana uchochoro mmoja kila siku. Mashabiki wengi wanaoandika habari zake huanzia London. Hata ile filamu ya 2018 inamkuta tayari yuko uwanja wa ndege wa Heathrow anapakua mizigo. Kwa maoni yangu wanafika wamechelewa, vyombo vimeshapangwa jikoni wao wanaona sahani tu.

Masomo ya darasani hayakumwendea vizuri mwishoni. Alishindwa mitihani, na mwanzoni mwa 1963 akarudi Unguja kwa wazazi wake, akaendelea na shule pale mjini, kwa masista wa St. Joseph's. Alikaa mwaka mmoja tu. Tarehe 10 Desemba 1963 Zanzibar ikapata uhuru chini ya Sultani, na tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Sitayaeleza hapa, kila mmoja wetu ana mzee aliyemsimulia. Watu wengi walikufa, na familia nyingi za Kiarabu na Kihindi zikaondoka. Familia ya Bulsara ilikuwa miongoni mwa walioondoka, mwaka huo huo, kwenda Uingereza. Freddie alikuwa na miaka kumi na saba.

Lakini lipo jambo ambalo haki inanitaka niliseme, kwa sababu Mzee wangu angelisema. Bomi hakuwa tajiri, ila alikuwa juu ya wengi. Serikali ya Kiingereza iliwagawa watu kwa rangi, shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na mishahara vivyo hivyo. Mtoto wa Rufiji aliyezaliwa Septemba 1946 akiwa na kipaji kilekile, sikio lilelile, hakupata mkuu wa shule wa kuandika barua. Wengi wao hawakupata shule yenyewe. Mkata boriti hakuwa na ankara ya ada ambayo mstari ungeongezwa. Kwa hiyo nikisimulia habari hii sisemi kwamba kila mzazi angeweza akitaka. Nasema kwamba kile ambacho wakati ule alikiweza keshia wa serikali mmoja mmoja, leo tunakiweza sisi tukichangishana, na sisi ndio tunaojiita chama cha maendeleo.

Uingereza walifikia Feltham, kitongoji cha nje ya London karibu na Heathrow. Baba akapata tena kazi ya hesabu, katika kampuni ya mambo ya chakula; mama akafanya kazi dukani. Walianza upya, baridi ikiwa kali na majirani hawawajui. Kijana akafanya vibarua vya likizo, uwanja wa ndege na kwenye maghala. Mwaka 1964 aliingia chuo cha Isleworth, na 1966 akaingia chuo cha sanaa cha Ealing, akasomea uchoraji na usanifu wa michoro hadi 1969. Hapo napo nadhani pana somo kwa wale wanaofikiri sanaa ni mchezo wa wasiosoma: nembo ya bendi yake, ile yenye simba na kaa, aliichora mwenyewe, kwa elimu aliyoipata chuoni.

Kule Ealing alimpenda Jimi Hendrix kupita kiasi. Hendrix alikuwa Mmarekani mweusi mpiga gitaa aliyelifanya gitaa la umeme litoe sauti ambazo waliolitengeneza hawakuziwazia. Freddie alichora picha zake nyingi, akafuatilia maonyesho yake usiku baada ya usiku. Kitu alichokichukua kwa Hendrix si upigaji wa gitaa, maana gitaa hakulijua sana. Alichukua ruhusa: kwamba mtu mwenye sura isiyotarajiwa jukwaani anaweza kusimama katikati ya Waingereza akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya, na wakanyamaza kumsikiliza. Mwaka 1969 akaimba na bendi iliyoitwa Ibex, kisha mwanzoni mwa 1970 na nyingine iliyoitwa Sour Milk Sea, zote hazikudumu. Chuoni alikuwa amejuana na Tim Staffell, mwimbaji wa bendi iitwayo Smile, pamoja na Brian May na Roger Taylor. Staffell alipoondoka mwaka 1970, Freddie akachukua nafasi, akaipa bendi jina jipya la Queen, na yeye mwenyewe akaacha kuitwa Bulsara akajiita Mercury. John Deacon alijiunga 1971. Albamu ya kwanza ilitoka 1973.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapita haraka, isipokuwa wimbo mmoja. Mwaka 1975 walitoa "Bohemian Rhapsody", wimbo wa karibu dakika sita, wakati redio zilitaka nyimbo za dakika tatu. Hauna kiitikio. Unaanza kama kwaya, unakuwa wimbo wa huzuni wa piano, unageuka opera, unalipuka roki, kisha unarudi kulala. Ndani ya sehemu ya opera limo neno ambalo sisi tunalitamka kabla ya kula, kabla ya safari na kabla ya kuingiza jembe shambani: Bismillahi. Waingereza wengi walioununua hawakujua neno hilo limetoka wapi. Mtoto aliyekulia Unguja alilijua.

Niwaeleze ulivyotengenezwa, kwa sababu wengine wataelewa mara moja. Mama zetu hawasuki mkeka mzima kwa mkupuo. Husuka ukili, utepe mwembamba mrefu wa ukindu, mikono mingi ya ukili, wa rangi na usio wa rangi, kisha wanaushona upande kwa upande hadi mkeka unatokea. Hawa nao walifanya hivyo kwa sauti. Mashine yao ya kurekodi ilikuwa na njia ishirini na nne. Freddie, May na Taylor waliimba kipande, wakakirudia na kukiweka juu ya kile cha mwanzo, wakakirudia tena, saa kumi hadi kumi na mbili kwa siku, mpaka watu watatu wakasikika kama umati. Mara zipatazo 180 sauti zilipandishwa juu ya sauti. Utepe ulipita mashineni mara nyingi kiasi kwamba, kwa masimulizi ya May, ulikuwa umeanza kupitisha mwanga. Na aliyejua kila ukili unakwenda wapi alikuwa Freddie. Mtu hapati mpango kama huo kwa kukurupuka. Ndipo zinapoonekana nadharia ya piano na kwaya ya Panchgani, na ndipo unapoonekana ule mstari katika ankara. Wimbo ulikaa namba moja Uingereza wiki tisa.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa tarakimu: piano yake ya Yamaha aliyoinunua mwaka huohuo wa 1975 na kuitungia nyimbo zake nyingi ilipigwa mnada London Septemba 2023. Iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.7.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kukunja uso. Freddie Mercury hakuishi maisha ambayo msikiti wetu au kanisa letu lingeyahubiri, na alifariki tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI, akiwa na miaka arobaini na mitano, siku moja tu baada ya kutangaza hadharani kwamba anaumwa. Mwaka 2006, ilipopangwa sherehe Unguja ya kuadhimisha miaka sitini tangu azaliwe, kulikuwa na upinzani mkali wa kidini. Mimi siwaletei habari hii ili watoto wa Dimani wamwige maisha yake. Maisha yake ni hesabu yake na Mola wake, na wazazi wake walimuaga kwa dua za dini yao. Ninachowaletea ni miaka kumi na minane ya mwanzo, na hasa jinsi watu wazima waliomzunguka walivyoshughulika na kipaji: mmoja alikiona, mmoja akakiandikia barua, mmoja akakilipia.

Wala msidhani kuchanganya vitu vya kwetu na gitaa la umeme ni mambo ya Ulaya tu. Dar es Salaam ya miaka ya 1970 ilikuwa na vijana wa Sunburst, waliochanganya roki na midundo ya ngoma wakauita mtindo wao Kitoto, na mwaka 1976 albamu yao Ave Africa ilirekodiwa Zambia. Patrick Balisidya wa Afro 70, mtoto wa Dodoma, alirekodi na Waswidi wa bendi ya Archimedes mwishoni mwa muongo huo. Leo wakusanyaji wa santuri Ulaya wanazitafuta sahani hizo kwa tochi, na vijana wetu wengi hawajawahi kusikia majina hayo.

Na kwa upande wa Rufiji yenyewe, tusijifanye hatujui ngoma inaweza kumpeleka mtu wapi. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mbunge wa Rufiji miaka ya mwanzo ya uhuru, kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam. TANU ilipotaka wanawake katika miaka ya 1950, hakuanza na watu asiowajua. Alianza na vikundi vya ngoma, kwa sababu ndiko wanawake walikokuwa tayari wamejipanga, wana viongozi, wana michango na wanajua kuitikia kwa pamoja. Sauti iliyozoea kuongoza ngoma ndiyo iliyosimama jukwaani na Mwalimu Nyerere. Katika miaka ileile mtoto wa keshia alikuwa melini anaelekea Bombay.

Sasa nirudi kwa Mzee wangu na madawati. Nimeipitia upya rasimu ya bajeti, mstari kwa mstari. Kifungu cha muziki hakichukui fedha za madawati wala za choo cha wasichana. Vifungu hivyo vina mafungu yake na vinakuja kwanza, na kama harambee haitavijaza, mimi nitakuwa wa kwanza kusema muziki usubiri. Ninachopinga ni hoja kwamba muziki usiwepo kabisa hata pale ambapo yale mengine yameshalipwa. Bomi Bulsara naye alilipa kwanza ada ya bweni. Piano ilikuja juu yake, kidogo.

Hatuombi piano pia. Piano ni ghali, na hewa yetu ya chumvi na unyevu ingeila ndani ya misimu miwili. Kamati inapendekeza kinanda kimoja cha umeme kinachoweza kutumia betri, magitaa mawili, ngoma zitengenezwe na mafundi wetu wenyewe ambao wanajua ngozi na mti kuliko duka lolote la Kariakoo, na posho ya mwalimu mmoja kwa Jumamosi za mwaka mzima. Sehemu kubwa ya fungu hilo ni posho ya mwalimu, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Nimeona vyombo vilivyonunuliwa bila mwalimu mahali pengine. Vimegeuka kiota cha panya. Vyombo vyote vitaandikwa katika daftari la mali, vitakaguliwa kila robo mwaka, na mwalimu mkuu ndiye atakayeshika ufunguo.

Mzee pia aliuliza nani atachagua watoto, akihofia watachaguliwa wa wakubwa. Hofu hiyo ni ya kweli. Pendekezo ni kwamba Jumamosi tatu za kwanza ziwe wazi kwa kila mtoto, wa kike na wa kiume, na mwalimu asikilize tu. Baada ya hapo aandike ripoti kwa kamati na barua kwa kila mzazi ambaye mtoto wake ameonyesha sikio, mzazi aamue mwenyewe. Asiyetaka, mtoto wake atabaki na madaftari yake na hakuna atakayemnyooshea kidole.

Kifungu kitarudi mezani mkutano mkuu ujao. Anayetaka kukichangia peke yake aandike hivyo kwenye fomu ya ahadi, ili mhazini akitenge na kile cha madawati, na achukue stakabadhi yake kabla ya kuondoka.